Sura ya Tano: Nyavu Zikiwa Juu

Ziwa likimchukua mtu, nyavu zote hupanda juu, wala hazirudi majini mpaka ziwa limrudishe. Katika kijiji cha Mwabuhale, upande wa Nassa, kanuni hiyo haikuandikwa popote, wala hapakuwa na haja ya kuiandika. Mtoto huijua kabla hajajua kuogelea. Siku mtu anapozama, kila mvuvi huanika nyavu zake kwenye fito za mwalo, pale mitumbwi inapoegeshwa, mbele ya macho ya wote, na mitumbwi hutoka kwa kazi moja tu, kazi ya kutafuta.

Kwa sababu hiyo Inspekta Januarius Mboje, wa ofisi ya upelelezi ya mkoa huko Bariadi, aliutazama kwa muda mrefu uzi uliokuwa juu ya meza ya kituo cha Nyashimo. Ulikuwa uzi wa kijani, mfupi kuliko kidole. Daktari alikuwa ameukuta umenasa nyuma ya kifungo cha shati la marehemu Mayige. Katikati yake palikuwa na fundo la wavu, na ncha zake zote zilikuwa zimekatwa sawasawa, kama zinavyokatwa kwa kisu kikali.

Askari wa kituo walikuwa wameisoma maiti ile kwa njia nyepesi. Mayige alikutwa akielea kando ya matete, ana mistari shingoni na kwenye viganja. Basi alifungwa kamba akanyongwa. Na mtu wa kumfunga alikuwapo tayari. Masalu, mvuvi wa kijiji hicho hicho, aligombana na Mayige mwaloni mbele ya watu, akamwambia kwamba ziwa litamla. Asubuhi ya pili, Mayige alipokuwa hajaonekana na mtumbwi wake umepatikana umepinduka, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walimkamata Masalu, wakamfikisha kituoni. Inspekta Mboje aliyasikia maneno hayo kwa mashahidi, na kwa mkono wake mwenyewe akatia saini Masalu aendelee kushikiliwa.

Sasa daktari alikuwa amesema mambo mawili. La kwanza, Mayige alikufa maji; mapafu yake yalishuhudia hivyo. La pili, chini ya mistari ile hapakuwa na damu iliyovilia. Mistari ilimpata akiwa maiti tayari.

"Hiyo haimtoi Masalu," mkuu wake alisema kwa simu kutoka Bariadi. "Kama marehemu alifungwa baada ya kufa, aliyemfunga ni nani? Kesho asubuhi mtuhumiwa afikishwe mahakamani. Shitaka ni mauaji."

"Naomba siku ya leo, Afande."

"Leo ni yako. Kesho si yako."

Mboje alikwenda mahabusu. Masalu alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, uso umevimba kidogo upande mmoja. Sungusungu hawakumkamata kwa upole.

"Mwangaluka, Afande," Masalu alisema. "Leo umekuja na pingu au na maswali?"

"Maswali. Nyavu zako ziko wapi?"

"Sina. Mimi ni mtu wa ndoano tangu ujana wangu. Muulize yeyote. Mayige alinikatia mshipi wa ndoano kwa kafi lake, ndiyo tukagombana."

"Ukamwambia ziwa litamla."

"Nilisema. Na hasira ilikuwa yangu, sikuazima." Masalu alimtazama. "Lakini, ngosha, kama ziwa lingekuwa linanisikia mimi, si ningeliomba sangara? Ningekuwa tajiri, nisingekuwa hapa nikinusa kinyesi cha walevi wenu."

Mboje aliutoa uzi, akamwonyesha.

Masalu aliuangalia mara moja tu. "Wavu wa sato," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye shati lake."

Masalu alifunga macho. Alielewa kabla hajaambiwa, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kama mtu anayejitetea. Alionekana kama mtu aliyesikia tusi katika nyumba ya heshima. "Basi kuna aliyetega," alisema. "Mayige yuko majini, na kuna aliyetega."

*

Mwaloni Mwabuhale, nyavu zilikuwa bado ziko juu. Mayige alizikwa jana yake, lakini heshima ilitaka siku zipite kabla ya mtumbwi wa kwanza kutoka. Inspekta alipita ufito mmoja baada ya mwingine, akishika, akinyoosha, akilinganisha uzi wake na kila wavu. Nyavu za kijani zilikuwa nyingi. Alichokitafuta ni tundu.

Alilipata kwenye ufito wa tano: tundu pana, na uzi wa kijani.

"Wavu huu wa nani?"

"Wangu." Aliyejibu alikuwa mzee Ngassa, mtemi wa sungusungu wa kijiji, mtu mrefu mwenye rungu lililolainika kwa kushikwa. Ndiye aliyetoa amri Masalu akamatwe. "Kuna shida, Afande?"

"Umetoboka."

"Fisi maji. Mnyama yule hana adabu. Anakula samaki wako, kisha anakulia na wavu."

"Lini?"

"Kabla ya msiba. Unataka nimwite aje atoe ushahidi?"

Vijana wawili waliokuwa wakiziba mtumbwi walicheka, wakanyamaza upesi. Mboje aliinamia tundu lile. Ncha za nyuzi zilikuwa zimechanika, zimetoka manyoya, nyingine ndefu, nyingine fupi. Alizigusa moja moja. Kisu hakikupita hapo.

"Nashukuru, Mtemi. Nimeridhika."

"Umeridhika!" Ngassa alisema. "Umenishika wavu wangu mbele ya watoto, kisha umeridhika. Mwuaji mnaye ndani. Sisi tuliwaletea amefungwa vizuri. Huku unatafuta nini?"

"Mtu aliyetega ziwa likiwa limefungwa."

Uso wa mzee ulibadilika. "Hilo hapa halipo," alisema polepole. "Afande, tuulize wizi wa ng'ombe, tuulize hata uchawi. Lakini hilo halipo hapa. Nyavu hizi nilizihesabu mwenyewe kila jioni."

"Ulihesabu zilizoanikwa."



*

Nyumba ya msiba ilikuwa ya mama Lukresia, mjane, aliyekuwa na wana wawili, Machibya mkubwa na Mayige mdogo. Sasa alibaki na mmoja. Mama mwenyewe alikuwa ndani. Wanaume walikaa kwenye viti vya kuazima chini ya turubai la kanisa. Wanawake walikuwa jikoni nyuma, wakiosha masufuria ya kurudisha kwa wenyewe.

Mboje hakwenda kwa wanaume. Wanaume wangempa hotuba. Alikwenda jikoni, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwadila, akina mama."

"Mwadila, baba. Wabeja kwa kuja," alijibu Scola, mke wa Machibya, mwanamke mwenye mikono mipana, aliyekuwa na sifa ya kupikia misiba yote ya kata. "Umechelewa. Chakula kimebaki cha kusimuliwa."

"Basi nisimulie. Watu huko mjini wanasema msiba huu mliuhudumia vizuri."

"Wanasema hivyo?" Scola alifuta mikono kwa kanga. "Tulijitahidi. Siku ya kwanza ilikuwa mboga ya mlenda tu. Watu wamejaa, mlenda. Niliona haya kupakua. Lakini siku ya pili, baba, sato!"

"Sato wakubwa," mwingine alisema.

"Wakubwa hivi. Mmoja aliruka kutoka kwenye karai, akaenda chini ya kichanja cha kuku. Mimi na mwili huu wote nalala chini namtafuta, mama mkwe analia ndani, na mimi nje namwambia samaki, 'Toka, mwanaharamu, uingie chunguni!'"

Wanawake walicheka, kile kicheko cha msibani kinachoshikwa kwa kiganja. Mboje naye alitabasamu. Akangoja kiishe.

"Waliletwa na nani?"

"Mume wangu. Alitoka kumtafuta mdogo wake alfajiri, halafu akapitia Lamadi sokoni akawanunua. Nilimkuta njiani nikampokea karai."

"Akawaleta kutoka Lamadi."

"Ndiyo."

"Na mmoja akaruka."

Scola alikuwa bado ana tabasamu. Lilibaki usoni pake kitambo kifupi baada ya maana yake kuondoka. Hakuna aliyemsaidia. Mwanamke aliyekuwa akisugua sufuria aliacha kusugua. Mwingine alianza kukusanya vijiko vilivyokuwa vimekusanywa tayari. Mboje aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemrudishia macho.

Wote walikuwa wamemwona samaki yule akiruka. Wote walijua umbali wa Lamadi, na kwamba samaki wa sokoni hafiki akiwa hai. Na hakuna aliyeuliza.

"Mama yenu alikula?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," Scola alisema. Sasa alikuwa akiitazama mikono yake. "Machibya alimkataza. Alisema sato wana miiba, na mwenye kulia hatafuni vizuri. Nilimpikia mama uji."

"Na Machibya mwenyewe?"

Aliyejibu ni mwanamke aliyekuwa nyuma ya Scola. "Hakula. Tulisema ni uchungu wa ndugu."

*

Machibya alikuwa nyuma ya ghala la pamba, amesimama, kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, na shati la kuzikia bado liko mwilini.

"Nionyeshe wavu," Mboje alisema.

Machibya hakuuliza wavu gani. Aliingia ghalani, akainua gunia, akautoa. Mboje aliutandaza juu ya majani. Katikati palikuwa na tundu lenye upana wa kifua cha mtu, na ncha zake zote zilikuwa zimekatwa sawa. Aliuweka uzi wake kando ya tundu hilo. Rangi ilikuwa moja, na fundo lilikuwa moja.

"Ulitega lini?"

"Jioni ile ile aliyopotea. Nilijifanya natafuta kwenye matete." Sauti ya Machibya ilikuwa kavu. "Watu walikuwa wameanza kujaa, Afande. Mimi ni mvuvi, mtoto wa mvuvi. Nikaona watasema, nyumba ya wavuvi imewalisha waombolezaji mlenda. Nikaona aibu."

"Endelea."

"Alfajiri nikaenda kuutoa. Sato walitangulia. Nikawatoa mmoja mmoja, nikawaweka kwenye karai. Kisha wavu ukawa mzito. Nikashukuru Mungu, Afande. Nilidhani ni sangara. Nikavuta huku namshukuru Mungu."

Kutoka kwenye turubai sauti za wanaume zilisikika, mmoja akiulizia bei ya dawa ya pamba.

"Ungemtoa," Mboje alisema. "Ungemleta kwa mama yake siku ya pili."

"Ningemleta na nini? Amezungukwa na wavu shingo na mikono. Kumtoa wavu bila kuukata hakukuwezekana, na mitumbwi ya watafutaji ilikuwa inakuja upande ule. Nikakata. Nikamwachia majini, nikasema moyoni, hao hao watamwona sasa hivi. Lakini upepo ukageuka, ukampeleka ndani ya matete. Wakapita." Akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Nami nikapita pamoja nao. Nilijua alipokuwa, nikapita."

"Na samaki?"

"Nilitaka kuwamwaga. Scola akanikuta njiani. Alifurahi, Afande. Akasema, 'Umetuvika nguo.' Nikashindwa."

Mboje aliukunja wavu. "Masalu bado amelala sakafuni kwa sababu ya mistari iliyokuwa kwenye mwili wa ndugu yako. Kesho angeshitakiwa kwa kuua. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ungenyamaza?"

Machibya alitazama chini. Mwanamume mzima, kaka mkubwa, mwenye kiti mbele kanisani, alichokonoa udongo kwa kidole cha mguu. Mboje alimwacha hivyo kwa makusudi, kwa kuwa hakujua adhabu iliyo halali kuliko hiyo. Kisha akasema, "Maelezo yako nitayaandika kituoni, na serikali itasema lake. Lakini kwanza utayasema haya kwa watu."

*

Kabla ya jua kuegemea magharibi, gari la polisi lilirudi kutoka Nyashimo likiwa na Masalu. Mkuu wa Bariadi alikuwa amesikiliza kwa simu, akasema tu, "Mwachie." Watu walikuwa wamekusanyika mwaloni, wanaume kwa wanawake, na wavu uliokatwa ulikuwa umetandazwa kwenye mchanga. Machibya alikuwa amekwisha kusema. Hakuna aliyempigia kelele. Hilo peke yake lilitosha kumwonyesha Inspekta kwamba jambo halijaisha.

Mboje alitangulia kusimama mbele ya Masalu, akavua kofia.

"Maneno yako ya hasira yalinitosha kukufunga, sikutafuta zaidi. Nilikosa. Nakuomba radhi mbele ya hawa."

"Nimekusikia, Afande," Masalu alisema. "Kukubali bado."

Inspekta akavaa kofia yake, akasogea pembeni. Alikuwa amestahili jibu hilo.

Mtemi Ngassa aliinuka. Alipiga rungu chini, kama desturi ilivyo, akakohoa. "Ndugu zangu. Kanuni ya ziwa mnaijua. Aliyeivunja amesimama hapa. Kazi yetu sasa ni kumtamkia adhabu, na mimi kama mtemi—"

"Mtemi," Scola alisema.

"Mwanamke, subiri."

"Nitasubiri, lakini nilikupakulia mwenyewe. Kichwa cha sato. Ukaomba na mchuzi tena."

Katika siku nyingine watu wangecheka mpaka machozi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Ngassa alisimama na rungu mkononi, shingo yake ndefu ikainama kidogo kidogo kama bua la mtama lililokatika. Alimtazama katekista wa kijiji, na katekista akatazama maji. Akawatazama wazee wenzake, na kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama kwenye mchanga.

"Niliambiwa ni wa Lamadi," alisema.

"Hata mimi," Scola alijibu. "Lakini mimi nilimfukuza chini ya kichanja cha kuku akiwa hai. Ninyi mlinisikia nikipiga kelele. Wewe ulikuwa umekaa palepale."

Mzee Ngassa alilaza rungu lake chini, juu ya wavu. "Siwezi kuhukumu," alisema. "Tumbo langu limo katika kesi hii. Nani hakula?"

Upepo ulizitikisa nyavu zilizoanikwa. Walikuwapo watu wa nyumba karibu zote za Mwabuhale, wenye misalaba shingoni na wenye hirizi mkononi, na hakuna mkono ulioinuka. Aliyezungumza hatimaye alikuwa kijana mmoja wa sungusungu, ambaye ndiye aliyemfunga Masalu kamba siku ya kumkamata.

"Masalu," alisema, bila kuinua macho. "Masalu alikuwa ndani."

Wote waligeuka. Masalu alikuwa amesimama kando ya gari, anasugua mahali pingu zilipokuwa. Uvimbe wa uso wake ulionekana vizuri mchana ule.

"Mnanitaka mimi?" aliuliza. "Mlinipiga, mkaniita mwuaji. Sasa mnataka niwe hakimu wenu?"

"Hatuna mwingine," Ngassa alisema.

Masalu alitembea mpaka kwenye wavu. Hakuukanyaga; aliuzunguka. Alimtazama Machibya kwa muda, na wengi walidhani atadai ng'ombe, na kwamba angekuwa na haki.

"Sili ng'ombe wa aibu," alisema. "Kwa idadi ya siku nilizolala mimi sakafuni, nyavu zenu zitakaa juu, nyavu zote. Mimi pia sitatupa ndoano. Mtakula mlenda, na mgeni akija mtampa mlenda, na akiuliza kwa nini, mtamwambia."

"Tumekubali," wazee walisema.

"Na wewe, Machibya. Mama yako hajui."

Machibya aliinua uso kwa hofu. "Masalu, nakuomba. Nitoze chochote. Chukua mtumbwi."

"Hajui. Hawa wakimwambia, atasikia habari. Nenda ukamwambie wewe. Sasa hivi, tukiwa nje ya mlango."

*

Walipanda wote mpaka nyumbani, kimya, kama watu wanaokwenda kuzika mara ya pili. Mama Lukresia alitoka akaketi kwenye kigoda mlangoni, kitambaa cha msiba kichwani. Alikuwa amezeeka mikononi, si machoni. Machibya alipiga magoti, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ua. Alisema yote: mlenda, wavu, sato, uzito, kisu, matete. Hakuacha hata shukrani yake kwa Mungu.

Mama hakumkatiza. Machibya alipomaliza, mama aliitazama mikono ya mwanawe iliyokuwa juu ya mapaja.

"Ulimshika?" aliuliza.

"Nilimshika, mayu."

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mmoja. Wa pili ulikuwa na kisu."

Mama aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa kiasi alichotarajia. Hakumlaani, wala hakumgusa. Aliinuka, akaingia ndani, akaacha mlango wazi nyuma yake. Machibya alibaki amepiga magoti mbele ya kigoda kitupu, na hakuna mtu katika ua ule aliyethubutu kukohoa.

Masalu aliungoja ukimya huo mpaka ukatosha.

"Imelipwa," alisema, akashika njia ya kwake.